Mjane wa Nathanaël

Hii ndiyo hadithi tamu kuliko zote zilizowahi kuandikwa Bukavu juu ya watu wa mashairi. Ni kweli, nyingine haipo, lakini hilo si kosa la hii.

Papa Marcellin alikuwa na revue. Wengine wana mbuzi, wengine wana shamba kule Mumosho, yeye alikuwa na revue. Iliitwa Ngazi, jarida la mashairi. Nusu ya kurasa zake zilikuwa Kifaransa, nusu Kiswahili. Ilipigwa fotokopi pale Kadutu, ikabanwa kwa pini mbili mgongoni, na haikuleta faida hata siku moja. Haikuundwa ilete faida. Kila alipoeleza jambo hilo Papa Marcellin alinyoosha shingo, kana kwamba kukosa faida ni diploma. Diploma nyingine alizozitamani hazikufika. Alikuwa assistant kwenye chuo kimoja cha mjini tangu nywele zake zikiwa nyeusi, akasubiri kuitwa profesa mpaka watu wakachoka kusubiri pamoja naye, wakaanza kumwita Prof bure, kwa huruma.

Ngazi iliishi kwa mkono wa wasomaji. Huyu analeta rame ya karatasi, yule wino wa mashine, mwingine anaazima viti vya plastiki siku ya kutoa toleo jipya. Walikuwa wameunda chama, Marafiki wa Ngazi, na présidente wake alikuwa Maman Bulonza, muuza maharagwe wa soko la Kadutu, mwanamke mwenye mabega ya kubebea mlango, aliyesoma mpaka pale shule ya msingi ilipomwachia. Hakuwahi kuficha kwamba mashairi mengi ya Ngazi hayaelewi. Aliyasaidia hivyo hivyo, kama vile bibi zetu walivyotoa sadaka kwenye misa ya Kilatini.

Mshairi mmoja tu ndiye aliyemtoa machozi, yeye na chama kizima. Nathanaël wa Bunyakiri.

Ijulikane mapema, isije ikamsumbua mtu: Nathanaël hakuwepo. Hakuzaliwa, hakubatizwa, hakuugua hata mafua. Nathanaël alikuwa Papa Marcellin mwenyewe.

Ilikuja hivi. Matoleo ya kwanza Marcellin alikuwa akitia sahihi jina lake mwenyewe chini ya mashairi. Wanafunzi wakasinzia. Siku moja akanunua karanga njiani, akapewa zikiwa zimefungwa ndani ya shairi lake, na mwuzaji akamwambia kwamba karatasi hiyo ni nzuri, haipitishi mafuta. Hiyo ndiyo sifa pekee aliyoipata kwa mashairi yale. Basi toleo lililofuata akaandika shairi kwa kalamu ile ile, kwenye meza ile ile, akalitia jina la kijana mmoja wa Bunyakiri aliyekimbilia msituni na ambaye anaandika juu ya mifuko ya unga. Watu wakalia. Wakalinakili. Mtu mmoja akalisoma kanisani. Marcellin akafurahi, kisha akachukia, kama mtu ambaye kivuli chake kimekaribishwa arusini na yeye ameachwa mlangoni.

Wasomaji wakaanza kumtumia Nathanaël zawadi, kwa mkono wa Prof, maana Prof ndiye aliyesema anajua njia ya kumfikishia. Sambaza zilizokaushwa, vile visamaki vya ziwa letu, zikaliwa. Viatu vilimbana vidole, lakini alivivaa. Blanketi la maua mekundu lilikuwa juu ya kitanda chake.

Aliyejua yote hayo ni mkewe peke yake, Yolande, fundi wa kushona nguo. Asingeweza kutojua: sambaza alizikaanga yeye.

Kisha benki zikafunga, mji ukakauka, na toleo la ishirini likakosa karatasi. Prof akaandika ombi kwenye kikundi cha WhatsApp cha Marafiki wa Ngazi, ombi refu, la heshima, lenye neno utamaduni katika kila mstari. Akajibiwa na picha za mikono iliyokunjwa kama ya sala. «Courage Prof.» «Mungu atafungua.» Mmoja alituma picha ya mshumaa. Karatasi hakuna.

Wiki hiyo hiyo akafariki mjomba wa Grégoire. Grégoire mwenyewe alikuwa protocole wa chama, mwongoza shughuli, mtu wa tai na sauti, anayependa kusema «kwa heshima na taadhima» hata akiomba chumvi. Na kikundi kile kile cha mikono iliyokunjwa, asubuhi moja tu, kikaleta unga, makaa, mbuzi, viti, bâche ya kukinga mvua na kwaya yenye ngoma. Marcellin alisimama kwenye kilio kile na sahani ya wali mkononi, akitazama sanduku, na moyoni akasikia kitu kinamuuma. Akakichunguza. Ulikuwa wivu. Alikuwa anamwonea maiti wivu. Mzee yule hakuwahi kuandika hata sentensi!

Kesho yake Yolande alikuwa kwenye cherehani aliposikia simu yake inalia, inalia, haikomi. Akaisoma. Akamtazama mumewe, aliyekuwa mezani anakula.

«Marcellin.»

«Ee?»

«Nasoma hapa kama umekufa.»

«Si miye. Ni Nathanaël.»

«Homa kali, wanaandika. Na bugali unaimaliza.»

«Yolande, sikia. Batu ya hapa habatoe kitu kwa mushairi muzima. Kwa maiti batatoa. Batatoa karatasi, batatoa wino, tutafanya toleo ya heshima ya marehemu, kisha imeisha.»

«Na marehemu mwenyewe?»

«Alizikwa kule kule Bunyakiri. Na hii njia ya sasa, nani ataenda kuangalia kaburi?»

Yolande akakata uzi kwa meno. «Basi pumzika kwa amani,» akasema, akarudi kushona.

Kosa la Prof lilikuwa moja. Alidhani kilio ni tangazo, kwamba unalibandika, watu wanasoma, wanaleta, wanakwenda zao. Mtu mwenye akili zake, aliyekulia hapa, angewezaje kusahau? Pengine ndiyo matokeo ya kusoma sana. Ujumbe wa sauti wa Maman Bulonza ulifika kabla hajanawa mikono. Nusu ya kwanza ilikuwa machozi, nusu ya pili amri.

«Prof, usitoke hapo. Tunakuya. Ule mutoto hakuwa na mutu hapa mujini, kwao ni kwako. Tafuta tu nafasi ya kuweka sufuria.»

Nyumba ya Prof ilikuwa Cimpunda, pale ambapo nyumba zimeegemeana mabega na mtu akikohoa jirani anasema pole. Bâche ilifungwa kwenye bati lake, ikavuka, ikafungwa kwenye bati la jirani wa chini. Mafiga yakawekwa. Comité ikaundwa, Grégoire akiwa msemaji. Na vitu vikaanza kupanda kile kinjia, juu ya vichwa vya watu: unga, makaa, maharagwe ya Maman Bulonza mwenyewe, na katikati yake, nyeupe, zimefungwa vizuri, rame za karatasi! Na wino! Kila aliyeleta alitangazwa kwa jina na kupigiwa bani, yale makofi ya kupangwa tuliyofundishwa shuleni, tatu, tatu, na moja kubwa ya mwisho. Prof alikaa kwenye kiti cha mbele, uso ameuinamisha kwa sababu kila rame ilipopita midomo yake ilitaka kucheka.

«Angalia vile anaumia,» wakanong'ona wamama.

Siku ya pili mchana, sauti ikapanda kutoka chini ya njia.

«Nathaaa! Nathanaël yangu! Uliniacha na nani?»

Watu wakainuka. Akatokea mwanamke, kitambaa cheusi kichwani, tumbo likiwa limemtangulia, tumbo la kweli, la mtu aliyekaribia. Alifika katikati ya uwanja, akajirusha chini kwa ustadi, ubavu kwanza ili tumbo lisiguswe, akaanza kugaagaa.

Papa Marcellin alibaki mdomo wazi. Hata nzi angeingia na kutoka.

«Mujane!» akalia Maman Bulonza. «Ee Yezu, kumbe alikuwa na bibi! Na mimba! Prof, juu ya nini hukutuambia?»

Wote wakamgeukia. Prof akafikiri kusema hamjui. Lakini mtu aliyemjua Nathanaël peke yake katika mji mzima, aliyempelekea viatu, angekosaje kumjua mkewe?

«Nilitaka… afike kwanza,» akasema.

Akapigiwa bani kwa busara hiyo.

Alimpata yule mwanamke nyuma ya nyumba, karibu na sufuria ya nyama, anaonja. Alikuwa amekwisha kufuta machozi.

«Weye ni nani?»

«Joviale. Mujane.»

«Mujane wa nani?»

«Wa marehemu. Pole na weye, Prof.»

«Nathanaël hakukuwa na bibi!»

«Unajua?»

«Najua sana!»

«Unajua namna gani?»

Aliuliza taratibu, bila kuinua macho, akitafuta mfupa wenye mafuta.

«Mi nazungukaka mu vilio,» Joviale akasema. «Njo kazi yangu, sitakudanganya. Muzee akikufa, mi ni mutoto yake ya inje. Kijana akikufa, mi ni fiancée, muchumba yake. Na kila pahali kuko mama moja ya marehemu, ananiangalia hivi, anasema: huyu hatumujue. Natoka na pigo, lakini natoka na kula. Sasa hapa kwako nimefika, nimelia, nimejitupa chini, nangojea tu nani atanitukana. Hakuna. Mama ya marehemu, hayuko. Kaka, hayuko. Hata photo! Ba maman bananipatia chai. Njo nikasema mu roho: Joviale, hii kilio haina maiti.»

«Nitakufukuza.»

«Fukuza. Ita ule maman mukubwa. Umuambie juu ya nini unanifukuza.»

Sufuria ilichemka.

«Unataka nini?»

«Mi sitake makaratasi yako. Karatasi haiko ya kula. Unga, maharagwe, vitenge, ile yote ni yangu na mutoto. Karatasi na wino, yako. Kila mutu alie yake.» Akalamba kidole. «Na nitalala ndani, si inje. Mujane halale inje.»

Akalala ndani. Maman Bulonza mwenyewe ndiye aliyemshika mkono, akampeleka mpaka chumbani kwa Prof, akamlaza kitandani. Alipovuta blanketi amfunike, akasimama. Akalishika. Akaligeuza.

«Prof,» akaita. «Hii couverture ya maua, si ni ile nilitoa kwa Nathanaël?»

Prof alikuwa mlangoni. Yolande alikuwa nyuma yake, na hakumsaidia hata kwa kukohoa.

«Ali… alinirudishia,» Prof akasema. «Alisema kuko wenye kuteseka kuliko yeye.»

Maman Bulonza akalibana blanketi kifuani. Akatoka nalo nje kulionyesha watu. Kilio kikaanza upya, kikali kuliko cha kwanza, na jioni ile rame nyingine mbili zikapanda kinjia.

Sasa Yolande. Huyu hakusema kitu mbele ya watu. Kesho yake alingoja mumewe aingie jikoni kutafuta maji, akafunga mlango kwa mguu.

«Niulize kitu kidogo tu. Ule ni nani?»

«Mujane wa Nathanaël.»

«Nathanaël ni nani?»

«Yolande…»

«Nathanaël ni weye. Miye njo nilimukaangia sambaza, ni weye. Kama Nathanaël ni weye, bibi ya Nathanaël ni bibi ya nani?»

«Ni muongo! Simujue! Nimemuona jana mara ya kwanza!»

«Na ile mimba nayo umeiona jana?»

«Yolande, naapa, ule mwanamuke amekuya kuniibia!»

«Basi toka uwaambie. Sema: ba maman, huyu ni muongo. Wanaketi hapo inje. Toka.»

Hakutoka. Alikunywa maji yake, na Yolande akamtazama akinywa mpaka tone la mwisho.

«Mutu mwenye hatia njo anakunywaka hivyo,» akasema.

Ungedhani atapiga kelele, atafunga nguo zake arudi kwao. Hapana. Yolande alienda kwenye cherehani, akajishonea kitambaa cheusi, akatoka nje, akaketi kwenye mkeka bega kwa bega na Joviale. Wamama wakauliza. Akajibu, kwa sauti ya kutosha kufika kiti cha mbele:

«Namusindikiza mukemwenza wangu. Tumepoteza bwana moja.»

Wakaona ni methali ya imani, ni upendo wa Kikristo. Grégoire akasimama, kwa heshima na taadhima, akaomba bani kwa ajili ya Maman Yolande. Na tangu hapo kila Prof alipopita karibu na mkeka, mkewe aliinua uso na kuomboleza: «Nathanaël, ulikuwa mubaya! Ulikuwa na macho madogo, na miguu ya kunuka, na ulikuwa unakoroma!» Joviale, ambaye hakuelewa lakini alikuwa mtu wa kazi, alidakia: «Unakoroma, ee!» Wamama wakatikisa vichwa kwa huzuni. Hivyo ndivyo Papa Marcellin alivyohudhuria kilio chake mwenyewe, ameketi, amenyoa ndevu, akisikia ubaya wake ukiimbwa kwa sauti mbili.

Alivumilia. Aliwaza karatasi. Zilikuwa zimepangwa chumbani mpaka usawa wa dirisha, na kila alipoingia kuzitazama alipata nguvu ya kurudi kwenye kiti.

Siku ya kuondoa kilio ikafika. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, bâche ina tumbo la maji, watu wamebanana chini yake wakilikwepa. Joviale na Yolande walikuwa kwenye mkeka wa mbele. Grégoire alisimama, akakohoa kwanza.

«Kwa heshima na taadhima! Maman présidente ana neno.»

Maman Bulonza akainuka.

«Ndugu zangu. Comité imekaa, imeamua. Vitu vya kula na vitenge vitaenda na mujane. Mutoto anakuya, hatangojea.»

Bani.

«Karatasi na wino vitabaki kwa Prof. Atoe toleo ya ule mutoto wetu, Nathanaël. Na kama havitoshe, atuambie, tutaongeza. Tumeona mu hii kilio kama revue ni yetu.»

Bani mbili, na vigelegele. Papa Marcellin alifumba macho. Imekwisha, akajiambia. Toleo la ishirini lipo, labda na la ishirini na moja. Wasomaji ambao jana walituma mishumaa ya picha, leo wanasema revue ni yetu. Alichohitaji sasa ni kitu kimoja tu, kitu ambacho hata jiwe linakiweza: kunyamaza mpaka wapige sala ya mwisho.

«Kabla ya sala,» Grégoire akasema, «nilitaka tusome shairi moja ya marehemu. Ile ya mulango. Prof, utusomee?»

Prof akaeleza kwa ishara kwamba koo limemkaba. Ilikuwa kweli kidogo.

«Asome mujane!» mtu akasema.

«Ee, mujane! Mujane!»

Joviale hakushtuka. Katika siku zile alikuwa amelisikia shairi lile likisomwa mara nyingi kuliko rozari. Akainuka kwa taabu, mkono kiunoni, akalisema kwa kichwa:

«Nilifunga mlango kwa kamba ya kiatu.
Vita ikapita bila kubisha, ikaketi.
Ikauliza: chakula kiko wapi?
Nikaipa… nikaipa sombe, ikakula.»

Prof alisikia meno yake yakisagana.

«Sombe? Majani ya muhogo?» Maman Bulonza akauliza. «Mu revue iliandikwa: nikaipa jina langu.»

«Maman, mutu mwenye njaa unamupa jina?» Joviale akajibu.

Watu wakacheka, kicheko kizuri, cha kwanza tangu kilio kianze. Maman Bulonza akacheka zaidi ya wote, akajipiga paja.

«Ni kweli! Miye ile ya jina sikuielewa hata siku moja! Nililia tu sababu bengine banalia. Sombe, ile naielewa!»

«Nathanaël aliandika sombe,» Joviale akasema. Alikuwa ameonja kicheko, na kicheko cha watu kinalevya kuliko kasiksi. Ule mpango wa nyuma ya nyumba ulikuwa umemtoka kabisa kichwani. «Na tuseme ukweli, ba maman. Si yeye njo aliandika. Yeye alikuwa anashika tu bic. Maneno ni yangu. Napika, nasema, yeye anaandika. Ile ya mulango nilimuambia nikiwa natwanga sombe.»

«Yoo!»

«Sasa alikuwa anatuma ku Prof. Na Prof, samahani Prof, Prof alikuwa anaharibu.»

Vichwa vyote vikamgeukia. Havikuwa na chuki, na hilo ndilo lililoumiza: vilikuwa na ile huruma iliyomfanya aitwe Prof.

«Tunamuelewa Prof,» Grégoire akasema kwa upole. «Ni mutu wa masomo. Banafundishwaka kuweka ugumu.»

«Hata zake za zamani zilikuwa ngumu,» sauti moja ikasema nyuma. «Mi nilifungiaka karanga.»

«Basi comité ibadilishe,» Maman Bulonza akatangaza. «Toleo ni ya Joviale! Photo yake kwa jalada ya revue, na tumbo! Na ile shairi irudi vile ilikuwa, na sombe ndani. Prof atabana tu makaratasi. Bani kwa mushairi wetu!»

Tatu. Tatu. Na ile moja kubwa. Joviale aliinama, mkono kifuani, kama mtu aliyezaliwa kwa kazi hiyo. Yolande, kwenye mkeka, aliacha kuomboleza. Alikuwa anamtazama mumewe kwa makini, kama anavyotazama mshono unaotaka kufumuka.

Na Papa Marcellin akasimama. Alikuwa amevumilia kufa. Alikuwa amevumilia mjane, mke mwenza, miguu ya kunuka. Kiti cha plastiki kikaanguka nyuma yake.

«Ni JINA!» akapiga kelele, akijipiga kifua, mpaka maji ya bâche yakatikisika. «Ni jina, si sombe! Vita haile sombe! Vita inakula jina ya mutu! Nilikaa mwezi muzima natafuta lile neno, mwezi muzima silale, ninyi batu ya karanga! Sombe! Miye! Ni miye niliandika! Kila mustari, ni miye!»

Mikono iliyokuwa imeinuliwa kwa bani ya pili ikabaki hewani. Joviale akaketi polepole, akaanza kuvuta mfuko wa unga karibu na miguu yake.

Prof akasikia alichosema. Ilimchukua muda, kama mtu anayesikia mlango umejifunga na funguo ziko ndani.

«Nilitaka kusema…» akaanza. «Nathanaël alinielezaka… yaani, sisi wawili…»

Mtu mmoja tu alicheka, kicheko kifupi, cha kike, kutoka kwenye mkeka wa wajane. Kilikuwa cha Yolande, na kilikuwa kimejaa raha ya mtu aliyegundua kwamba mumewe si mzinzi, ni mjinga tu.

Maman Bulonza hakucheka. Alipita katikati ya viti, akasimama mbele ya Prof, akamsogelea karibu sana, akamsemesha kwa sauti ile ya chini watu wanayotumia kwa mgonjwa.

«Prof. Nathanaël iko wapi?»

Hakuwa na haja ya kujibu, maana mkono wake, ule aliokuwa akijipiga nao wakati wa kupiga kelele, ulikuwa bado uko pale pale, umefunguka, juu ya kifua chake mwenyewe.